Walioitika Langoni

Jumatatu, tarehe 3 Julai 1961, kulikucha kwa manyunyu. Kusi ilikuwa ikivuma tangu alfajiri, maji ya bandari yalikuwa ya kijivu, na moshi wa jiko la Mwanatabu ulilala chini badala ya kupanda. Mwezi wa Mfunguo Nne ulikuwa umepita nusu.

Mwanatabu alikuwa akiuza vitumbua nje ya lango la yadi ya manowari pale Mtongwe. Mumewe, Mwidani, alikuwa kibarua ndani ya yadi hiyo. Kazi yake ilikuwa kukwangua kutu ubavuni mwa meli za vita na kuzipaka rangi upya. Kila asubuhi vibarua walisimama langoni, karani akaita majina, na aliyeitwa akaitika akaingia.

Asubuhi ile karani hakuita. Aliyeita alikuwa afisa mgeni, Mzungu mrefu mwenye kaptura iliyopigwa pasi. Karani mwenyewe, kijana wa bara aitwaye Dishon, alisimama nyuma yake akimshikia mwavuli.

"Mwidani!"

"Labeka."

Ndivyo walivyolelewa watoto wa Mtongwe. Ukiitwa na mtu mzima huulizi unaitiwa nini. Unaitika kwanza, unasogea karibu, ndipo unaambiwa haja. Anayeuliza kabla ya kuitika huonekana hakufunzwa kwao. Hata Gona, mtoto wa jirani yao Nyamvula, ambaye wazee wake ni Wakristo waliotoka Rabai, alikuwa amekaa na majirani Waislamu muda wa kutosha kuijua adabu hiyo. Yeye naye aliitwa, naye akasema labeka.

Kila aliyeitika aliwekwa kando. Walidhani wanakwenda kukwangua matangi ya meli kubwa iliyofika Jumamosi. Walipopelekwa gatini, Mwidani alipita mbele ya jiko la mkewe, kikwanguo mkononi.

"Niwekee viwili," alisema. "Vile vilivyoungua kidogo pembeni. Nitatoka saa saba."

"Saa saba nitakuwa nishampa mbwa."

"Basi mwambie mbwa anisubiri."

Baada ya adhuhuri meli iling'oa nanga, nao wamo ndani.

Jioni Mwanatabu alifanya alivyofanya kila siku. Alipakua wali, akasimama kizingitini, akaita, "Mwidani!" Wake wengi wa Mtongwe hawawaiti waume zao kwa majina, lakini hawa walikuwa watoto wa mtu na nduguye, wamelelewa na bibi mmoja, na walikuwa wakiitana hivyo tangu wakiota meno. Wanaume wenzake walimcheka Mwidani kwa kumwitikia mkewe labeka, kama anayemwitikia nyanya yake. Naye aliwajibu kwamba mkono unaompakulia wali ndio mkubwa wake.

"Labeka," Mwidani aliitika.

Sauti ilitoka pale pale mlangoni, kimo cha kichwa chake, na ule mkwaruzo wa koo la mtu aliyekula vumbi la kutu miaka mingi. Mlangoni hapakuwa na mtu. Mwanatabu alingoja kidogo, akaita tena, akaitikiwa tena. Akaufunika wali, akaswali Magharibi, kisha akaja akaita mara ya tatu, kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa.

Asubuhi yake Nyamvula alikuja na ndoo yake mkononi, hajakwenda bado kisimani.

"Wako ameitika?"

"Ameitika."

"Na wangu. Mtoto yule nimemwita tangu azaliwe, aje akate kuni, aje afunge mbuzi, haitiki mpaka nishike mwiko. Leo amechukuliwa na serikali, namwita mara moja tu, labeka! Nilidhani ana homa."

Wiki haikwisha ila kila nyumba iliyochukuliwa mtu ilikuwa na sauti mlangoni. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza sana. Maalim Faki, imamu wa msikiti, aliulizwa baada ya swala, naye akajibu huku akivaa makubazi.

"Mtu akiitwa akaitika, hana ruhusa ya kuondoka mpaka aambiwe anaitiwa nini. Hawa waliitika, hawakuambiwa. Basi wangali wanaitika." Kisha akawausia wasiwaite ovyo, wala wasiwaite wakati wa swala, kwani anayeitwa hulazimika kuacha alichokuwa akikifanya, na hakuna ajuaye vijana wale wanafanya nini huko waliko.

Kwa hiyo kinamama walikubaliana kuita Magharibi, baada ya swala. Sauti hazikusema neno jingine lolote. Uliuliza wamekula nini, hapakuwa na jibu. Uliuliza wako wapi, hapakuwa na jibu. Lakini ukisikiliza vizuri ulisikia kilichokuwa nyuma ya sauti. Siku za kwanza ilikuwa mashine ya meli. Baadaye ikawa upepo mkavu unaopiga turubai, na mchanga. Kisha ikaanza kusikika mishindo, kwanza mbali, halafu si mbali. Siku ya mishindo mtu aliita mara mbili, apate kulala.

Habari yenyewe ilitoka katika redio ya dukani kwa Mbwana. Ilitangazwa kwamba Gavana amepeleka msaada kwa nchi rafiki iliyo vitani ng'ambo ya bahari, na kwamba pamoja na askari wamekwenda vibarua wa hiari kutoka pwani.

"Wa hiari ndio kina nani?" aliuliza Nyamvula.

"Ndio wetu hao," Mbwana alijibu.

"Hiari gani, na Gona ameacha viatu vyake nyumbani?"

Mbwana alipunguza sauti ya redio. Mwanatabu alikwenda nyumbani, akachukua kanga yake nzuri, akavuka maji, akapanda basi la Mikindani.

Huko Mikindani alikaa Gershom Fondo, mjumbe wa watu wa bara ya Mombasa katika Baraza la Kutunga Sheria. Kabla ya kuchaguliwa alikuwa akifundisha gumbaru Likoni, jioni, watu wazima waliotoka makazini na mikono yao michafu. Mwanatabu alijifunza kusoma kwake, mbele ya taa ya karabai, akiwa mtu mzima mwenye mvi ya kwanza. Kwa hiyo hakumwita Mheshimiwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Mama, wewe ndiye wa kuamkiwa. Karibu ukae." Mkewe, Kafedha, alileta chai.

Mwanatabu alieleza. Gershom alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, kama alivyokuwa akisoma imla.

"Nimeshauliza Barazani, Mama. Niliuliza ni nani aliyekubali nchi hii iingie katika vita vya watu wengine. Nikaambiwa vita na mambo ya nchi za nje si kazi ya Baraza. Ni ya Gavana peke yake. Sisi tuliochaguliwa tunaruhusiwa kuzungumza habari za mabwawa, na shule, na leseni za mbwa."

"Sasa nani alikubali Mwidani aende?"

"Wanasema alikubali Mwidani."

Mwanatabu alitazama chai yake.

"Kuna kiupenyo kimoja," Gershom aliendelea. "Sheria ya vibarua ni yetu. Inasema kibarua hatolewi nje ya nchi bila ya ridhaa yake. Ikithibitika kwamba hawakuulizwa, jambo linakuwa la kazi, haliwi la vita, na Baraza litaweza kuamuru warudishwe. Lakini shahidi ni nani? Wenyewe hawapo."

"Wapo," alisema Mwanatabu, na akageuza uso kidogo upande wa mlango. "Mwidani!"

"Labeka," iliitika sauti pale kibarazani Mikindani, na nyuma yake upepo ulipiga turubai.

Kafedha aliinuka akaleta kikombe kingine. Gershom alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nairobi ataitika?"

"Popote nitakapomwita. Ni mtu mwenye adabu zake."

Walisafiri kwa gari la moshi. Mwanatabu aliswali akiwa ameketi, akielekea alikokisia kuwa ndiko kibla, na gari lilipopinda naye alipinda kinyume chake. Dua yake ilikuwa moja tu. Mola wangu, mimi sijui kusema mbele ya wakubwa. Niongoze ulimi nisimdhuru mume wangu.

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na zulia, na siwa iliwekwa mezani kama maiti wa mtu mashuhuri. Mwanatabu aliketishwa juu, mahali pa wageni, kando ya tarishi Mluhya mwenye huruma aliyemnong'oneza yaliyokuwa yakisemwa kwa Kiingereza. Gershom alisimama, akaanza kusema. Spika alimkatiza akamwambia aache habari za vita. Akaanza tena kwa kutaja bahari, Spika akamkatiza akamwambia bahari ile ni ya nje. Mara ya tatu alisema vibarua, wala hakusema neno jingine ila vibarua, na Spika akamwacha. Wajumbe kadhaa walipiga makofi mezani.

"Watu hawa hawakuulizwa," alisema Gershom. "Waliitwa majina tu. Baraza lisikie lenyewe." Akainua uso kwa wageni. "Mama."

Mwanatabu alisimama. Aliita jina la mumewe kwanza, kisha la Gona, kisha majina ya wengine wote aliyokuwa ameyahifadhi njiani.

Waliitika mmoja mmoja, kila mmoja kwa sauti yake, katikati ya ukumbi, baina ya viti vya Serikali na viti vya wajumbe. Labeka. Labeka. Labeka. Mchanga kidogo uliingia juu ya zulia. Mshindo mmoja ulisikika karibu sana, na mjumbe mmoja mzee alishika karatasi zake zisipeperuke.

Spika alisema kwamba kanuni hazimruhusu mgeni kusema ukumbini, awe anaonekana au haonekani, na akaamuru maneno yale yafutwe. Lakini Katibu wa Gavana alikuwa ameshasimama. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti laini, na aliomba, kwa ruhusa ya Spika, yasifutwe.

"Serikali inamshukuru mama huyu aliyetoka mbali," alisema. "Mheshimiwa mjumbe alikuwa na wasiwasi juu ya ridhaa ya watu hawa. Sasa sote tumesikia. Wameitwa hadharani, wameitika, tena kwa heshima kubwa. Hakuna aliyekataa. Hakuna hata aliyesitasita. Muda wao wa kwanza ulikuwa unakaribia kwisha, na Gavana alikuwa akifikiri kama yafaa kuwarudisha. Kwa ridhaa hii mpya, wataongezewa muda."

Gershom aliruka kusimama. "Labeka si kukubali! Ni mtu kusema nimesikia, nambie haja yako! Mtoto akiitwa na mama yake husema hivyo hivyo kabla hajajua kama anaitiwa chakula au fimbo!"

"Mheshimiwa amekiri kwamba wamesikia," alisema Katibu, akaketi.

Wajumbe walipiga kelele, wengine wakataka kura ipigwe. Spika alisema kwamba, ridhaa ikiwa imeshapatikana, jambo la kazi limekwisha, na lililobaki ni vita, na vita si vya Baraza. Walihamia habari ya bwawa.

Tarishi aliacha kutafsiri. Hapakuwa na haja, kwani Mwanatabu alikuwa ameshauona uso wa mwalimu wake. Alikaa pale juu, mikono mapajani, akiwa ameelewa kwamba yeye ndiye aliyemwita.

Mwanatabu aliporudi Mtongwe, Dishon alikuwa ameshafika na kiti. Alikuwa amehamishwa kazi. Kila siku baada ya swala ya Magharibi alikiweka kiti chake njiani, katikati ya nyumba, akakaa na kofia yake magotini, kusikiliza. Watu wa Mtongwe hawamwachi mgeni akakaa na kiu, basi siku ya kwanza alipewa chai, na siku ya pili chai na mkate wa mchele.

"Karani," Nyamvula alimwambia, "umekosa redio kwenu, unakuja kusikiliza watoto wetu?"

"Nimetumwa, mama. Mtu wenu akiitwa akaitika, inahesabiwa kwamba amekubali muda mwingine."

"Na asipoitwa?" aliuliza Mwanatabu.

"Asipoitwa, hajakubali."

"Hapo atarudishwa?"

Dishon aliigeuza kofia yake. "Hilo sikuambiwa."

Kinamama walijadiliana kisimani. Wengine walisema wanyamaze. Wengine walinyamaza siku tatu, ya nne wakaita, wakiwa wamejifunika mto usoni ili karani asisikie, na karani akasikia, kwa sababu anayeitika hakujifunika mto. Nyamvula hakujaribu hata siku moja.

"Mwanangu huyo," alisema. "Nisipomwita nitajuaje kama yu hai? Acheni waniandikie miaka mia. Namwita."

Naye alimwita, mpaka Magharibi moja ya mwezi wa Septemba, ambapo Gona aliitika vizuri kama kawaida, lakini nyuma ya sauti yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na upepo, wala turubai, wala mshindo. Ilikuwa sauti tupu, safi, kama ya mtu aliye ndani ya chumba kisicho na dirisha. Nyamvula aliita tena na tena. Aliitikiwa kila mara. Dishon aliinuka kitini, akavua kofia ambayo hakuwa ameivaa, yaani mkono wake ulikwenda kichwani ukakuta hakuna kitu.

Mwanatabu hakuwa amemwita mumewe tangu arudi kutoka Nairobi. Aliingia ndani, akafunga mlango, akaita kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kumwitia.

"Labeka," alisema Mwidani, na nyuma yake pia palikuwa kimya.

Kesho yake alikwenda kwa Maalim Faki, akakaa chini ya ngazi ya kibaraza chake.

"Maalim, aliyekufa huitika?"

"Aliyefunzwa kuitika haachi kwa sababu amekufa, mwanangu. Huenda ndiyo adabu ya mwisho kumtoka mtu."

"Basi amekufa. Niingie eda."

"Sikusema amekufa. Huenda upepo umetulia huko. Siwezi kukuweka eda kwa kimya. Nataka mtu aliyeona, au neno la Serikali."

"Serikali inasema vita havizungumzwi."

"Najua. Nilikwenda mwenyewe kuuliza." Maalim aliweka tasbihi chini. "Neno lile, labeka, ndilo mahujaji wanamwambia Mola wao wakiikabili nyumba yake. Sisi tukawafunza watoto wetu wamwambie kila mwenye sauti kubwa. Mungu atusamehe."

"Kwa hiyo mimi ni mke wa mtu, au mjane?"

"Sijui, Mwanatabu."

Gershom hakuwa ameacha kuuliza Barazani. Alisimama kila kikao, na Spika akawa na ugonjwa wa macho ambao ulimfanya asione kiti kile kimoja. Daktari alisema hauna dawa. Mjumbe alisimama toka dua ya kufungua mpaka ya kufunga, akarudi Mikindani miguu imevimba, na Kafedha akamkanda kwa maji ya chumvi. Redio kwa Mbwana ilitangaza kwamba vibarua wa hiari wameongezewa muda kwa mara nyingine, kwa ridhaa yao wenyewe. Ridhaa hiyo ilikuwa ni Nyamvula, aliyekuwa akiita mchana na usiku sasa, akiwa jikoni, akiwa njiani, akiwa kanisani katikati ya wimbo, na mwanawe akiitika kila mara, mpaka watu wakajifunza kumpisha yule asiyeonekana benchini.

Ijumaa moja baada ya swala, Mwanatabu alisimama nje ya ua wa msikiti, buibui lake limebanwa sawasawa, akaomba watu wasiondoke. Maalim Faki alitoka na Mbwana. Nyamvula alikuwapo, amenyamaza kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Gershom alikuja na fimbo ya kutembelea, na Dishon alikuwa ameshakileta kiti chake, lakini safari hii hakukaa. Mwanatabu aliwatazama mmoja mmoja, akahakikisha kila mtu anasikia. Aliyachagua maneno taratibu, kwa kuwa jina lenyewe hakutaka lipite ulimini hata kwa bahati mbaya.

"Maalim, na nyote mlio hapa, nishuhudieni," alisema. "Mtoto wa ami yangu aliitwa, akaitika, hakuambiwa anaitiwa nini. Mimi nami nikamwita mbele ya wakubwa, nikawapa walichokuwa wakikitafuta. Kuanzia leo jina lake halitoki kinywani mwangu. Halitoki Magharibi, halitoki nikiugua, halitoki nikiwa nakata roho. Kama yu hai na anangoja nimwite, na angoje, na anisamehe. Kama amekufa, sikai eda wala siolewi, mpaka yule aliyemwita langoni aje asimame hapa, aseme kwa mdomo wake alimwitia nini. Wallahi, simwiti tena."